Wavamizi Waliotua Mezani

Kabla ya mwaka 1978, mtu wa kawaida nchini Japani hakuwa na jambo lolote la kumkutanisha na kompyuta. Kompyuta zilikuwa za benki, vyuo vikuu, shirika la reli na viwanda vikubwa. Zilifungiwa katika vyumba vyenye ubaridi na kuhudumiwa na watu waliosomea kazi hiyo. Mwaka huo ulipokaribia kwisha, makarani, wanafunzi na wafanyabiashara walikuwa wameinamia meza za mikahawa, kahawa ikipoa pembeni, macho wameyakaza kwenye kioo kilichokuwa juu ya meza. Chini ya kioo hicho kulikuwa na skrini, na nyuma ya skrini kulikuwa na mikroprosesa ya Intel 8080. Wote walikuwa wakitumia kompyuta, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Kwao ilikuwa Space Invaders tu.

Simulizi iliyozoeleka ni kwamba kompyuta ilimfikia raia kupitia ofisini, kisha ikamfuata nyumbani. Naona simulizi hiyo inaruka hatua kubwa. Mamilioni ya watu walikutana na kompyuta kwanza mahali pa starehe, sarafu mkononi, na wakajifunza hapo jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote: kwamba kuna mashine inayokutazama unafanya nini, ikakujibu papo hapo, na ukichelewa haikusubiri. Leo tunaishi na mashine za aina hiyo mifukoni mwetu. Mazoea hayo yalianza kuwa ya umma kwa mchezo huu mmoja wa kampuni ya Taito, na ndiyo maana historia yake inastahili kusimuliwa kwa uzito ule ule tunaosimulia historia ya redio au sinema.

Taito yenyewe ilianzishwa Tokyo mwaka 1953 na Michael Kogan, Myahudi aliyezaliwa Odessa na kupitishwa Asia ya Mashariki na misukosuko ya karne ya 20. Mwanzoni kampuni haikuwa na uhusiano wowote na elektroniki. Ilitengeneza vodka na kuiuza kwa Wajapani, ikaleta mashine za kuuzia bidhaa kwa sarafu, kisha ikaingia katika biashara ya mashine za muziki za baa na kumbi. Kwa njia hiyo Kogan alijifunza jambo moja kwa undani: namna ya kumfanya mtu atoe sarafu mfukoni, aitumbukize kwenye tundu, halafu atake kutumbukiza nyingine. Miaka ya 1960 Taito ikaanza kutengeneza michezo yake yenyewe ya mashine, kwa mota, taa na vioo.

Mmoja wa wahandisi iliowaajiri alikuwa Tomohiro Nishikado, aliyezaliwa mwaka 1944 katika mkoa wa Osaka na kusomea elektroniki Tokyo. Mwaka 1974 alitengeneza Speed Race, mchezo wa mbio za magari uliouzwa hadi Marekani. Mwaka uliofuata akatoa Western Gun, watu wawili wakirushiana risasi. Kampuni ya Midway ya Marekani ilipoununua mchezo huo, iliubadilisha jina ukawa Gun Fight, na ikabadilisha jambo zito zaidi: badala ya saketi zilizounganishwa mahsusi kwa mchezo huo mmoja, ikaweka mikroprosesa. Nishikado aliutazama mchezo wake uliorudi kutoka ng'ambo akiona kwamba wake wa awali ulifurahisha zaidi, lakini ule wa Wamarekani ulisogea kwa ulaini ambao saketi zake zisingeweza kuufikia. Hapo ndipo alipoamua kujifunza mikroprosesa.

Nchini Japani wakati huo hapakuwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuandikia michezo kwenye mikroprosesa, kwa hiyo alivitengeneza mwenyewe. Kazi nzima ilimchukua takribani mwaka mmoja, naye aliifanya karibu peke yake: alibuni kanuni za mchezo, akachora wahusika, akaandika programu na kuunganisha bodi. Alichokuwa akikifukuzia ni Breakout, mchezo wa kampuni ya Atari ya Marekani wa mwaka 1976 ambamo mchezaji hubomoa ukuta wa matofali kwa mpira. Nishikado aliona ndani ya Breakout kitu kilichomvutia, ile raha ya kumaliza kila kilichopo mbele yako mpaka pawe patupu. Swali alilojiuliza lilikuwa rahisi na lenye matokeo makubwa: itakuwaje matofali yakiwa hai, na yakirudisha mapigo?

Alijaribu vifaru, ndege na meli, lakini mwendo wao kwenye skrini haukumridhisha. Askari walisogea vizuri zaidi. Wakuu wa Taito wakakataa. Hawakutaka mchezo wa kuwapiga watu risasi. Inafaa kukumbuka kwamba miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1976, mchezo wa Kimarekani wa Death Race ulikuwa umezua ghadhabu kwa sababu mchezaji alipata alama kwa kugonga viumbe waliofanana na binadamu. Uamuzi wa Taito ulikuwa wa busara ya kibiashara na wa kimaadili kwa wakati mmoja, nao ndio uliozaa sura tunayoijua. Habari za filamu ya Star Wars zilikuwa zimeanza kufika Japani, na Nishikado akageukia anga za mbali. Alikumbuka viumbe wa Mirihi katika The War of the Worlds ya H. G. Wells, wenye umbo linalokaribia pweza. Basi akachora pweza, kisha ngisi, kisha kaa, kila mmoja kwa vinukta vichache vya mwanga. Mvuvi wa Bagamoyo au Lamu angewatambua mara moja, maana ni viumbe wa baharini waliopandishwa mbinguni.

Mchezo wenyewe unaelezeka kwa sentensi chache. Wavamizi 55 wamepangwa katika safu tano, kila safu wavamizi kumi na mmoja. Wanasogea upande mmoja hadi ukingoni, wanashuka hatua moja, wanarudi upande wa pili. Chini yupo mchezaji na mzinga wake, akisogea kushoto na kulia nyuma ya ngome nne ambazo zinamomonyoka kwa risasi za adui na za mchezaji mwenyewe. Pweza wa chini wana alama 10, kaa wa katikati 20, ngisi wa juu 30. Mara moja moja chombo cha ajabu hupita juu kabisa, na kukipiga huleta alama za ziada. Ukiwamaliza wote, wanakuja wengine, nao wanaanzia chini zaidi. Hakuna mwisho. Hakuna ushindi.

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo, na naomba msomaji avumilie maelezo kidogo ya kiufundi. Intel 8080 ilikuwa na nguvu ndogo. Kila mara skrini ilipochorwa upya, yaani takribani mara 60 kwa sekunde, kompyuta ilimsogeza mvamizi mmoja tu. Wavamizi wakiwa 55, zamu ilimrudia kila mmoja baada ya karibu sekunde nzima, na jeshi lote likatembea kwa kujikokota. Wakibaki 20, zamu inazunguka haraka zaidi. Akibaki mmoja, zamu zote ni zake, naye anakimbia kutoka ukingo hadi ukingo kama aliyepagawa. Kwa maneno mengine, kila risasi iliyolenga vizuri iliwafanya waliosalia kuwa hatari zaidi. Nishikado hakulipanga hilo tangu mwanzo. Aliliona likitokea kwenye mashine, akatambua kwamba linaongeza msisimko, akaliacha. Udhaifu wa chipu ukageuka kuwa hofu inayopanda kifuani mwa mchezaji. Sijui sanaa nyingine ambayo hisia yake kuu ilizaliwa waziwazi namna hii kutokana na uchache wa vifaa, na msanii akawa na sikio la kuusikiliza uchache huo badala ya kuuficha.

Sauti ilifuata mkondo huo huo. Noti nne nzito zinashuka na kujirudia bila kukoma, na kadiri wavamizi wanavyokimbia ndivyo noti zinavyokaribiana. Michezo ya awali ilikuwa na milio ya risasi na mipira; huu ulikuwa na mdundo usiokatika chini ya kila kitu, na mdundo huo ulimfuata mchezaji. Mwili ulijua hatari inakaribia kabla ya jicho kuhesabu wangapi wamebaki.

Kuna jambo jingine ambalo wanahistoria wa biashara hulitazama zaidi kuliko wapenda sanaa. Michezo mingi iliyotangulia ilikuwa na saa: umelipa, umepewa dakika zako, zikiisha umemaliza hata kama unaongoza. Space Invaders iliondoa saa. Mchezaji alipewa mizinga mitatu, na muda wake uliishia pale ujuzi wake ulipoishia. Aliyekuwa mgeni alifukuzwa baada ya dakika moja; bingwa aliketi kwa saa nzima kwa sarafu moja ya yen 100. Na juu ya skrini ilibaki rekodi ya alama za juu kabisa, ambayo kila aliyeketi aliiona. Katika bao, mchezaji humtazama mwenzake usoni, na sifa ya bingwa hubebwa na midomo ya waliokuwepo barazani. Hapa mpinzani hakuwa na uso, na sifa ya bingwa ilibebwa na mashine yenyewe, mbele ya wageni ambao hawakuwahi kumwona.

Mchezo ulipotoka katikati ya mwaka 1978, wasambazaji wa mashine hawakuupenda sana. Wachezaji waliwapinga. Kabla ya mwaka kwisha Taito ilikuwa imesambaza mashine zaidi ya laki moja nchini Japani. Kumbi za pachinko, mchezo wa Kijapani wa vigololi, ziliondoa mashine zao, maduka yakabadilishwa, na kumbi zilizokuwa zimebaki tupu baada ya shauku ya mchezo wa bowling kuporomoka zikapata uhai mpya. Zilizuka kumbi zenye mchezo huu peke yake, mashine zimepangwa mstari baada ya mstari, na watu wakaziita nyumba za Invader. Lakini mahali pa maana zaidi, kwa maoni yangu, palikuwa mkahawa wa kawaida wa mtaani, ule ambao Mjapani huingia kunywa kahawa na kusoma gazeti. Taito iliuza mashine yenye umbo la meza. Mkahawa haukuhitaji kuongeza samani. Ulibadilisha meza tu, na kila mteja akaketi mbele ya kompyuta.

Kuna hadithi iliyoenea duniani kote kwamba mchezo huu ulisababisha uhaba wa sarafu za yen 100, hata serikali ikalazimika kutengeneza nyingi zaidi. Imeandikwa mara nyingi mno, lakini ushahidi wake haupo. Takwimu za utengenezaji wa sarafu hizo hazionyeshi ongezeko lolote katika miaka hiyo. Sarafu zilijaa kwenye mashine, zikahesabiwa, zikarudi benki. Hata hivyo uongo huu una thamani kwa mwanahistoria, kwa kuwa unaonyesha jinsi watu walivyojaribu kupima kitu ambacho hawakuwa na kipimo chake.

Wachezaji nao walijenga elimu yao. Waligundua kwamba kile chombo cha juu hakikutoa alama kwa bahati: ukihesabu risasi zako, ya 23 ndiyo iliyoleta alama 300, na baada ya hapo kila ya 15. Waligundua pia mbinu iliyoitwa kwa jina la mji wa Nagoya. Uliwaacha wavamizi washuke hadi safu ya mwisho kabisa, hatua moja kabla ya maangamizi, kwa sababu wakiwa hapo risasi zao zilianzia chini ya mzinga wako na hazikuweza kukugusa. Ukawafyeka kwa utulivu. Hakuna kitabu cha maelekezo kilichoyasema hayo. Yalitoka mdomo hadi mdomo, mkahawa hadi mkahawa, na hii ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote: maelfu ya watu wasio na elimu ya kompyuta wakiichunguza programu kutoka nje, kwa kuhesabu na kukisia, mpaka wakaijua kuliko walioitengeneza. Nishikado mwenyewe amekiri kwamba hakuwa mchezaji hodari na kwamba hata kumaliza hatua ya kwanza kulimtoa jasho.

Hofu haikuchelewa. Magazeti ya Japani yaliandika juu ya watoto walioiba fedha za kuchezea na wanafunzi waliotoroka shule. Mwaka 1979 wenye biashara walijiwekea masharti kuhusu watoto ili kuituliza jamii, na kabla ya mwaka huo kwisha wimbi lenyewe likawa limepungua. Miaka michache baadaye, katika marekebisho ya sheria ya mwaka 1984, kumbi za michezo ya mashine ziliwekwa chini ya sheria ile ile iliyosimamia vilabu vya usiku na kumbi za starehe za watu wazima, zikiwekewa saa za kufunga.

Wavamizi walipovuka bahari, hofu ilivuka pamoja nao. Nchini Uingereza ilifika hadi bungeni. Tarehe 20 Mei 1981, mbunge wa Labour George Foulkes alisimama katika Bunge la Uingereza kuomba ruhusa ya kuwasilisha mswada wa kudhibiti Space Invaders na michezo mingine ya elektroniki. Alitaka halmashauri za mitaa zipewe mamlaka ya kutoa leseni kwa mashine hizo. Alieleza kwamba vijana walikuwa wakizama humo, wakikosa masomo na kuiba ili kupata sarafu. Mbunge wa Conservative Michael Brown alisimama kumpinga, akajitangaza kuwa mchezaji mwenye mapenzi na mchezo huo. Kura zilipopigwa, 94 waliunga mkono na 114 wakapinga. Tofauti ya kura 20. Si jambo la kupita haraka: moja ya mabunge makongwe kabisa duniani lilikaribia kuruhusu mswada wa kuudhibiti mchezo uliotajwa kwa jina, miaka mitatu tu baada ya mtu mmoja kuubuni Tokyo. Na ukisoma hoja za Foulkes leo, utasikia zile zile zinazotolewa kuhusu simu na mitandao ya kijamii, karibu neno kwa neno, na baadhi yake zina mashiko. Mashine ambayo muda wako unategemea ujuzi wako, na ambayo inakuonyesha alama za aliyekushinda, ina mvuto wa kweli kwa mtoto. Aliyekosea ni yule aliyedhani mvuto huo ungepita kama upepo.

Ufilipino haikupiga kura. Novemba 1981 Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku michezo ya video nchini kote na kuwapa wenye mashine wiki mbili kuziharibu au kuzisalimisha. Mwaka huo huo jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha barua ya kuelezea maumivu ya kifundo cha mkono yanayotokana na kucheza Space Invaders kwa muda mrefu.

Marekani, ambako Midway ya Chicago iliuza mashine makumi ya maelfu, mchango mkubwa ulikuwa nyumbani. Mwaka 1980 Atari ilinunua haki ya kuutengenezea mchezo huo toleo la mashine yake ya nyumbani, ile iliyounganishwa na televisheni. Haki ya mchezo wa kumbini haikuwa imewahi kununuliwa rasmi kwa matumizi hayo. Mauzo ya mashine ya Atari yakapaa, kwa kuwa watu waliinunua ili wacheze mchezo huu mmoja. Tangu hapo kila kampuni ya mashine za michezo imekuwa ikisaka mchezo wa aina hiyo, ambao mtu atanunua chombo kizima kwa ajili yake. Mwaka huo pia Atari iliandaa mashindano ya taifa yaliyovuta washiriki zaidi ya 10,000. Mshindi alikuwa kijana Rebecca Heineman, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Interplay na mtunzi wa programu aliyeheshimika kwa miongo kadhaa. Mashindano ya michezo ya video ambayo leo hujaza viwanja yana mizizi yake hapo.

Sheria nayo ilibidi ijifunze. Mahitaji yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa Taito, na nakala zikazagaa, nyingine kwa leseni na nyingi kwa wizi. Je, kunakili namba zilizohifadhiwa ndani ya chipu ni kunakili kazi ya mtu? Hapakuwa na jibu lililo wazi. Katika kesi iliyohusu toleo la pili la mchezo huu, Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua mwaka 1982 kwamba programu iliyomo kwenye chipu inalindwa na hakimiliki. Mwaka 1985 Japani ikarekebisha sheria yake ya hakimiliki ili itaje programu za kompyuta. Mwanasheria yeyote anayetetea programu leo anasimama kwenye ardhi iliyopimwa kwa ajili ya pweza na kaa wa Nishikado.

Kati ya waliobadilishwa maisha na mchezo huu alikuwapo Shigeru Miyamoto, kijana wa idara ya usanifu katika kampuni ya Nintendo, ambaye amesema kwamba hakuwa na hamu na michezo ya video mpaka alipouona. Mwaka 1981 alitoa Donkey Kong, na ulimwengu ukampata Mario. Kampuni ya Namco ilijibu kwa Galaxian mwaka 1979. Kisha mfanyakazi wake Toru Iwatani akatazama kumbi zilizojaa wanaume wakiua viumbe wa anga, akajiuliza wanawake wacheze nini, na mwaka 1980 akaleta Pac-Man. Hata mchezo ulioukataa ule wa kwanza ulizaliwa kwa kuubishia.

Muziki uliusikia mapema. Novemba 1978, mchezo ukiwa na miezi michache tu, kundi la Yellow Magic Orchestra la Tokyo lilitoa albamu yake ya kwanza yenye vipande vilivyojengwa juu ya milio ya mashine za michezo, kimoja kikibeba jina la Invader. Kundi la The Pretenders la Uingereza liliweka kipande kisicho na maneno, Space Invader, katika albamu yake ya kwanza mwaka 1980. Mwaka 1982 Martin Amis, mwandishi wa riwaya aliyekwisha kupata sifa, alichapisha kitabu kizima kuhusu kumbi hizi na uraibu wake, Steven Spielberg akakiandikia utangulizi. Kwa miaka mingi watu wa fasihi walikiona kitabu hicho kama aibu ya ujanani. Mimi nakiona kama ushahidi wa mtu aliyekuwepo, aliyeshika vifaa vile kwa mikono yake na kuandika kabla ya sauti kutoweka.

Katika sanaa ya mitaani, Mfaransa anayejiita Invader, ambaye huficha sura yake, alianza miaka ya 1990 kubandika wavamizi wa vigae vidogo kwenye kuta za Paris. Kigae kimoja, nukta moja ya mwanga: umbo lilikuwa limeandaliwa tayari kwa kazi ya mosaiki. Amewabandika katika miji mingi ya dunia, na Mombasa imo katika orodha yake. Mwaka 2015 mmoja wao alipandishwa hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2010 sura ya mvamizi iliingizwa katika alama rasmi za kompyuta, na kwa hiyo imo katika kila simu inayouzwa Kariakoo au River Road. Kijana anaituma kwa rafiki yake bila kujua kwamba umbo hilo lilichorwa na mhandisi aliyekatazwa kuchora askari. Na jioni anapokwenda kwenye kibanda cha gemu, alipie mechi ya mpira kwenye PlayStation, aliyefungwa ainuke na mwingine akae, anafuata kanuni ambayo wenye nyumba za Invader walikwisha kuijua: fedha ya mwenye kibanda inatokana na wanaoshindwa, na bingwa anakaa kwa hasara ya mwenye mashine lakini kwa faida ya msisimko.

Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, MoMA, liliuingiza mchezo huu katika mkusanyiko wake mwaka 2013. Ni heshima inayostahili, lakini kuuhifadhi ni kazi ngumu kuliko kuhifadhi mchoro, na hapa ndipo panaponitia wasiwasi. Mashine za asili zinakufa: skrini zake zinafifia, na karatasi za rangi zilizobandikwa juu ya vioo ili kuipa rangi picha nyeusi na nyeupe zinachakaa. Kazi kubwa imefanywa na watu wa kujitolea, wakiwemo wa mradi wa MAME ulioanzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano Nicola Salmoria, wanaoandika programu za kuigiza bodi za zamani ndani ya kompyuta za leo. Kompyuta ya leo ina uwezo wa kuwasogeza wavamizi wote 55 kwa mpigo bila kutoa jasho. Ikiachwa ifanye hivyo, mchezo unakufa: jeshi linatembea kwa kasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na hofu haipandi. Kwa hiyo waandishi hawa wa programu hulazimika kuizuia mashine yenye nguvu ili itende kwa udhaifu wa Intel 8080, mvamizi mmoja kwa kila picha, zamu kwa zamu.

Sauti iliwatesa zaidi. Noti nne na milio ya risasi havikutolewa na programu; vilitolewa na saketi za pembeni zilizoundwa kwa vipande vya elektroniki, na saketi haina namba za kunakili. Kwa miaka mingi ilibidi watumie rekodi zilizochukuliwa kutoka kwenye mashine halisi, wakati bado zilikuwapo mashine zinazolia.